Menta anasaidia kweli? Namna ya kupima mradi wa vijana kwa ushahidi wa tafiti kabla ya kuuanzisha katani

Andiko la mradi wa kuwaunganisha vijana na watu wazima wa kuwaongoza halikosi sentensi hii: "Tafiti zinaonyesha kuwa ulezi wa vijana una manufaa makubwa." Mara nyingi utafiti wenyewe hautajwi, wala aliyepimwa, wala aliyelinganishwa naye. Mwongozo huu ni wa wale wanaopaswa kuamua: afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwalimu wa malezi na ushauri, kamati ya kanisa au msikiti, kikundi cha wahitimu wa chuo kinachotaka kusaidia shule za Chamwino, Bahi au Kongwa mkoani Dodoma. Utahitaji siku tatu za kazi, simu au kompyuta yenye intaneti, daftari, na mtu mmoja anayesoma Kiingereza bila kutaabika, kwa kuwa sehemu kubwa ya tafiti hizi haijaandikwa kwa Kiswahili.

Kwanza, neno lenyewe. Tunamwita "menta" mtu mzima wa kujitolea, asiye ndugu, anayekutana na kijana kwa utaratibu na kwa muda uliopangwa. Kwenye fomu ya ridhaa usiandike "mlezi". Mzazi amezoea kusoma "wazazi na walezi", na wapo watakaodhani unataka kumchukua mtoto wao ukakae naye. (Na ukisema "ulezi" kijijini, kuna watakaofikiria uji.)

Hatua ya 1: Andika swali moja, si matumaini

Swali lina sehemu tano: nani, atapata nini, ikilinganishwa na nini, kipimo gani, baada ya muda gani. Mfano: "Kwa wasichana wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wanaosoma shule za kutwa, je, kukutana na menta mara mbili kwa mwezi kwa mwaka mzima kunapunguza siku za utoro, kuliko kuendelea na shule bila menta?"

Chagua kipimo kikuu kimoja, viwili vikizidi. "Kujitambua" na "kuwezeshwa" si vipimo mpaka useme utaviona wapi. Siku za utoro zimo kwenye daftari la mahudhurio, mimba na kuacha shule mkuu wa shule anazo, na alama za upimaji wa Kidato cha Pili zinatoka NECTA. Kipimo ambacho tayari kinaandikwa na mtu asiye na maslahi na mradi wako kina thamani kuliko dodoso zuri utakalolitunga mwenyewe.

Hatua ya 2: Anza na mapitio, utafiti mmoja mmoja baadaye

Utafiti mmoja unaweza kupotoka kwa bahati tu. Tafuta kwanza mapitio, yaani kazi inayokusanya tafiti zote za suala moja na kuzichambua kwa pamoja. Maktaba ya Campbell Collaboration na ile ya 3ie, mashirika ya kimataifa yanayokusanya tafiti za miradi ya kijamii, zinasomeka bure mtandaoni. Ukikwama, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dodoma au Chuo cha Mipango ina watu ambao kazi yao ni kutafuta machapisho. Wapelekee lile swali la sehemu tano, usiwapelekee neno "vijana" peke yake.

Kwa suala la menta mapitio yapo na yanakubaliana kwa kiasi cha kushangaza. David DuBois na wenzake walikusanya tathmini 55 mwaka 2002, kisha 73 mwaka 2011. Mwaka 2019 Elizabeth Raposa na wenzake walichambua tafiti 70 zenye vijana zaidi ya 25,000. Jibu la jumla: faida ipo, lakini ni ndogo. Nyingi ya tafiti hizo ni za Marekani, jambo tutakalolirudia kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 3: Uliza "ikilinganishwa na nani?"

Hapa ndipo taarifa nyingi za miradi huanguka, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa.

Tuseme mradi unaripoti kuwa mwezi Februari vijana wake walikosa shule siku sita kwa mwezi, na Agosti siku mbili. Je, menta wamefanya kazi? Katika Dodoma huwezi kusema. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Februari watoto wako kwenye palizi na vihenge vingi vimekaribia kuisha. Mtama na uwele vikianza kukomaa, watoto wanalinda kwelea kwelea kuanzia alfajiri. Agosti mavuno yako ndani na utoro unashuka wenyewe, menta awepo asiwepo. Linganisha Februari na Februari, au linganisha vijana wa mradi na wenzao wa kijiji hicho hicho mwezi huo huo. Taarifa inayoanza na msimu wa kilimo na kumalizika baada ya mavuno iweke pembeni, hata kama ina picha nzuri.

Mtego wa pili ni wa kuchagua waliozidiwa. Ukichukua wanafunzi ishirini waliofanya vibaya kuliko wote kwenye mtihani mmoja, wengi wao watapanda kwenye mtihani unaofuata hata usipowagusa. Baadhi walishika mkia siku ile kwa sababu ya malaria, msiba au njaa, na siku nyingine hawana shida hiyo. Kinyume chake kipo pia: ukiwachukua waliojiandikisha wenyewe, umechukua wenye hamu na wenye wazazi wanaofuatilia, nao wangefanya vizuri kuliko wenzao kwa vyovyote.

Dawa ya mitego yote miwili ni kundi la kulinganisha lililopatikana kwa kura. Majina yote yanawekwa pamoja, nusu wanapata menta sasa, nusu wanasubiri, na bahati ndiyo inayoamua. Utafiti uliofanywa hivyo upe uzito wa kwanza. Uliotafuta vijana wanaofanana kwa umri, darasa na hali ya nyumbani upe uzito wa pili. Uliolinganisha "kabla na baada" bila kundi lingine usiutumie kujibu swali la kama kitu kinafanya kazi. Unaweza kukufaa kwa kujua mambo mengine, kwa mfano kwa nini menta waliacha.

Na ushuhuda je? Siku ya kufunga mradi vijana husimama mmoja mmoja wakaeleza walivyobadilika, na hakuna sababu ya kudhani wanasema uongo. Tatizo ni kwamba kijana hawezi kujua angekuwaje bila mradi. Mfano mzito unatoka Massachusetts, Marekani. Kuanzia mwaka 1939 wavulana 506 waliwekwa jozi jozi za wanaofanana, na sarafu ikarushwa kuamua nani katika kila jozi apate mshauri. Waliosaidiwa walitembelewa kwa wastani mara mbili kwa mwezi kwa zaidi ya miaka mitano. Walipata msaada wa masomo na matibabu, na baadhi walipelekwa kambi za likizo. Miaka 30 baadaye Joan McCord aliwatafuta, akachapisha matokeo mwaka 1978. Theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilisema jambo jingine. Waliowahi kutenda makosa ya jinai hawakuwa wachache kuliko wenzao, na waliowahi kukosea walirudia zaidi. Dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi kwao, na waliokufa walikufa mapema zaidi. Uchambuzi wa baadaye ulielekeza kidole kwenye zile kambi: vijana wenye tabia ngumu waliokusanywa pamoja walifundishana. Bila lile kundi la sarafu, mradi ule ungeandikwa vitabuni kama mfano wa kuigwa. Ukipanga kambi ya likizo ya "vijana watukutu" peke yao, soma tena aya hii.

Kwa kila utafiti, baada ya kundi la kulinganisha, angalia mambo haya upesi:

- Waliopotea njiani. Wakianza 100 wakapimwa mwisho 60, uliza 40 wako wapi. Walioacha shule na waliohamia Dar es Salaam ndio hasa waliokuwa na shida, kwa hiyo waliobaki watapendeza bure.
- Nani amepima. Menta akimuuliza kijana wake "bado unakunywa?", jibu analijua kabla.
- Vipimo vingapi. Ukipima mambo 20, moja hivi litaonekana limebadilika kwa bahati tu. Mwandishi anayesherehekea hilo moja na kunyamazia 19 anakuuzia bahati.
- Nani amelipia. Mwenye mradi akijitathmini si lazima adanganye, ila soma jedwali kabla ya kusoma hitimisho lake.

Hatua ya 4: Geuza asilimia iwe idadi ya watu

Utafiti maarufu zaidi wa menta ni wa Big Brothers Big Sisters, shirika la Marekani linalowaunganisha vijana na menta, uliochapishwa mwaka 1995. Vijana 1,138 wa miaka 10 hadi 16 waligawanywa kwa kura, wengine wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Baada ya miezi 18 waliokuwa kwenye mradi walikuwa pungufu kwa asilimia 46 katika kuanza kutumia dawa za kulevya. Asilimia 46! Lakini uliza: asilimia 46 ya nini? Katika kundi la kusubiri walioanza dawa walikuwa karibu 11 kwa kila 100. Kwa hiyo upande wa mradi ni kama 6 kwa 100. Vijana watano kwa kila mia wameepushwa. Ni jambo jema, ila si "nusu ya vijana wameokolewa", kama inavyosemwa majukwaani.

Katika mapitio utakutana na namba kama 0.21. Huo ni ukubwa wa athari. Isome hivi: wapange vijana 100 wasio na menta kwa foleni, wa mwisho hadi wa kwanza. Aliye katikati yuko nafasi ya 50. Kijana wa kawaida mwenye menta angesimama karibu na nafasi ya 58 katika foleni hiyo. Ndiyo faida ya wastani ya miradi ya menta ilivyoonekana mwaka 2011 na tena 2019. Mfadhili akiahidiwa zaidi ya hapo, ameahidiwa kitu ambacho tafiti hazikukiona.

Wastani nao unaficha. Mwaka 2009 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa tathmini ya mpango wake wa menta mashuleni: miradi 32, wanafunzi 2,573, wamegawanywa kwa kura. Kwa ujumla hapakuonekana tofauti ya maana kwenye kipimo chochote kati ya 17. Uhusiano wa menta na mwanafunzi ulidumu wastani wa chini ya miezi sita.

Hatua ya 5: Tafuta kinachotenganisha miradi iliyofaa na isiyofaa

Muda ndio wa kwanza. Jean Grossman na Jean Rhodes walirudi kwenye takwimu za ule utafiti wa 1995 na mwaka 2002 wakachapisha walichokiona: vijana waliokaa na menta mwaka mmoja au zaidi walipata faida nyingi zaidi. Walioachwa kabla ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini na katika kuamini kwamba wanaweza masomo. Menta anayeingia na kutoka anaweza kumwacha kijana pabaya kuliko alipomkuta. Tahadhari moja: muda haukugawanywa kwa kura, na kijana mwenye matatizo mengi pia humchosha menta haraka, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo inatokana na vijana wenyewe. Hata hivyo, mtu anayeweza kukupa miezi minne tu usimkabidhi mtoto.

Hapa Dodoma hilo lina sura yake. Vyuo vimejaa vijana wenye moyo, lakini mwaka wa chuo unaanza kuelekea mwisho wa mwaka na likizo ndefu inaanguka katikati ya mwaka wa shule. Mwanachuo wa mwaka wa tatu uliyempata Novemba, ifikapo Agosti ameshahitimu na kurudi kwao. Chukua wa mwaka wa kwanza na wa pili, au bora zaidi, tafuta mtu mwenye nyumba katani: muuguzi wa zahanati, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mkulima wa zabibu anayejulikana.

Mengine yaliyojitokeza kwenye mapitio ya DuBois: kuwaunganisha kwa mambo wanayoyapenda wote wawili, kuwafunza menta kabla ya kuanza na kuendelea kuwafunza, shughuli zilizopangwa badala ya kukaa na kupiga soga tu, wazazi kushirikishwa, na mtu wa kufuatilia kama mikutano inafanyika. Hilo la mwisho ndilo hukatwa kwanza bajeti ikipungua, na ndilo lisilofaa kukatwa. Kwa makadirio yetu mfuatiliaji mmoja anawamudu menta 15 hadi 20 kama vijiji viko karibu, na pungufu ya hapo kama anapanda bodaboda kilomita 20 kwenda kila kijiji.

Hatua ya 6: Uliza kama kitakachotolewa hapa ndicho kilichopimwa kule

Mfano bora uko karibu nasi. BRAC, shirika la maendeleo lililoanzia Bangladesh, lilianzisha nchini Uganda vilabu vya wasichana, kila klabu ikiongozwa na msichana aliyewazidi umri kidogo, wakifundishwa stadi za maisha na ufundi wa kujipatia kipato. Utafiti wa kura uliofuatilia miaka minne uliona mimba za utotoni zimepungua kwa theluthi moja, na wasichana wenye shughuli ya kuwaingizia kipato wameongezeka kwa asilimia 48 ya kiwango cha mwanzo. Mpango huo huo, wenye jina hilo hilo, ukaletwa Tanzania na kupimwa kwa kura. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2017: karibu hakuna mabadiliko katika mambo mengi yaliyopimwa. Kilichosogea ni pale mikopo midogo ilipoongezwa, ambapo wasichana walijiunga zaidi na kuweka akiba zaidi. Watafiti waliofuatilia utekelezaji waliona upungufu wa rasilimali: kilichofika klabuni hapa hakikuwa na uzito wa kilichofika kule.

Mtu mvivu atasoma Uganda peke yake na kusema vilabu vinafanya kazi. Mwingine atasoma Tanzania peke yake na kusema havifanyi. Wewe chora safu mbili kwenye daftari. Kushoto andika kilichotolewa katika utafiti: mikutano mingapi kwa mwezi, saa ngapi kila mkutano, miezi mingapi, nani anaongoza na analipwa nini, mafunzo ya siku ngapi, vifaa gani, ukumbi gani. Kulia andika utakachotoa wewe kweli kwa bajeti uliyo nayo. Katika ule mradi wa Big Brothers Big Sisters wengi walikutana angalau mara tatu kwa mwezi, kwa muda wa saa tatu hadi nne kila mara. Kama upande wako unasema "mara moja kwa mwezi, saa moja, shuleni, baada ya vipindi", huna ushahidi wowote wa mradi wako. Una ushahidi wa mradi wa mtu mwingine.

Angalia pia menta akiwa kipande tu cha kifurushi. Mpango wa Ujana Salama, uliopimwa kwa kura katika vijiji 130 vya Mufindi na Rungwe, ulihusu vijana wa kaya zinazopokea ruzuku ya TASAF. Walipewa mafunzo, wakafuatiliwa na menta, wakapata fedha kidogo ya kuanzishia shughuli na kuunganishwa na huduma za afya. Faida iliyoonekana ni ya vyote pamoja. Huwezi kumchomoa menta peke yake, ukaacha ruzuku na fedha ya mtaji, kisha ukanukuu matokeo yale kana kwamba ni yake.

Hatua ya 7: Usijaribu kuthibitisha upya, pima utekelezaji

Vikundi vingi vikifika hapa hutaka kufanya utafiti wao. Hesabu kwanza. Kuiona faida ya ukubwa wa 0.2 bila kubahatisha kunahitaji vijana karibu 400 wenye menta na 400 wasio nao. Ukiwa na 30 kwa 30, utaiona tu faida iliyo kubwa zaidi ya mara tatu ya ile ya kawaida. Usipoona kitu, hujajifunza kama mradi umeshindwa au namba ilikuwa ndogo. Kulinganisha shule mbili na shule nyingine mbili ni dhaifu zaidi, kwa sababu mkuu mpya wa shule anatosha kubadilisha kila kitu. Kama kata nyingi zinaungana na mnataka utafiti rasmi, shirikianeni na chuo kikuu mapema, maana kuna vibali na kamati ya maadili.

Kura hata hivyo ifanye pale waombaji wanapozidi menta. Vijana 80 na menta 40: andikeni majina, yachomoeni kwenye kopo mbele ya wazazi na mtendaji wa kijiji. Ni haki, inaondoa maneno ya upendeleo, na anayesubiri anajua zamu yake.

Kisha pima kile unachoweza kukipima kwa hakika: je, kinachofanyika ndicho kilichoandikwa? Kila menta awe na daftari la mistari: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, walichofanya, kama hawakukutana ni kwa nini. Mfuatiliaji ampigie kila menta mara moja kwa mwezi na ampigie au amtembelee kijana au mzazi wake mara moja kwa mwezi, kwa kuwa pande mbili huongea tofauti. Weka mipaka kabla ya kuanza, kwa mfano: mikutano ikishuka chini ya nusu ya iliyopangwa kwa miezi miwili mfululizo, mfuatiliaji anakwenda mwenyewe, na menta wakiacha zaidi ya mmoja kati ya watano kabla ya mwezi wa sita, usipokee vijana wapya mpaka mjue sababu. Mipaka hii ni ya kwetu, si ya utafiti fulani, na unaweza kuibadilisha ilimradi uibadilishe kabla ya kuona takwimu.

Usalama haungoji ushahidi. Kila menta awe na wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mikutano iwe mahali pa wazi, si chumbani kwa menta, na mzazi asaini ridhaa. Namba 116, ya simu kwa mtoto, ibandikwe mahali vijana wanapokutania. Madaftari yana taarifa za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: tumia namba badala ya jina, funga kabatini, usipige picha ukurasa na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la mradi.

Menta akihama, maana watumishi wa Dodoma huhamishwa, asipotee kimya. Apange mikutano miwili ya kuagana. Wa kwanza amweleze kijana sababu na tarehe, na wa pili aje na menta mpya wakae watatu. Kama menta mpya hajapatikana, mfuatiliaji ndiye anayekaa kwenye kiti hicho, na katika daftari iandikwe "ameagwa" au "ameachwa", ili mwisho wa mwaka zihesabiwe mbalimbali.